Pendulamu Katika Bonde la Tanganyika

Pendulamu ni uzito uliotundikwa kwa uzi au kwa ufito na kuachwa ubembee kutoka upande mmoja hadi wa pili, ukisukumwa na uvutano wa dunia peke yake. Muda unaotumiwa na mbembeo mmoja, ambao wanasayansi huuita kipindi, hautegemei uzito wa kitu kilichotundikwa, na mradi mbembeo uwe mdogo hautegemei sana umbali ambao uzito unakwenda kando. Hutegemea urefu wa uzi na ukubwa wa uvutano mahali pale uzi ulipotundikwa. Uzi ukirefushwa mara nne, kipindi huongezeka mara mbili, na uvutano ukipungua, mbembeo hupungua kasi na kuchelewa. Kutokana na kanuni hii chombo kimoja kimeweza kuwa saa, kuwa mizani ya kupimia umbo la dunia, na kuwa kitambuzi cha mitetemo ya ardhi. Vitabu vingi husimulia habari zake kwa kutaja Pisa, Paris na London tu, ilhali bonde la Ziwa Tanganyika lina sehemu kubwa katika historia hiyo, hasa ule mwambao wa magharibi unaoanzia Uvira, ukapita Makobola na kushuka hadi Baraka na Rasi ya Ubwari katika Fizi, nchini Kongo, mahali ambapo ukuta wa milima umesimama karibu kabisa na ziwa hilo, ambalo kina chake cha juu kabisa kinafika takriban mita 1,470.

Chanzo cha elimu ya pendulamu ni Galileo Galilei, ambaye mwaka 1602 alimwandikia Guidobaldo dal Monte kumweleza kwamba mibembeo ya uzito uliofungwa kwenye uzi hutumia muda ulio sawa. Kwa muda mrefu vitabu kadhaa vilidai kwamba Ibn Yunus, mnajimu mkubwa wa Misri aliyefariki mwaka 1009, alikuwa amekwisha kuitumia pendulamu kupimia wakati miaka 600 kabla ya Galileo. Uchunguzi wa maandishi yake umeonyesha kwamba dai hilo halina msingi, na kwamba lilitokana na kauli ya mwanazuoni mmoja wa Uingereza wa karne ya 17 ambayo waliomfuata waliinakili bila kuihakiki. Ibn Yunus hapungukiwi na kitu kwa marekebisho hayo, kwa kuwa majedwali yake ya mwendo wa jua na mwezi yanatosha kumweka katika safu ya mbele ya wanajimu wa zama zote.

Galileo hakuwahi kukamilisha saa ya pendulamu. Kazi hiyo ilifanywa na Mholanzi Christiaan Huygens mwishoni mwa mwaka 1656, na mwaka uliofuata fundi Salomon Coster wa The Hague akapewa haki ya kuziunda saa hizo. Saa za chuma zilizokuwapo kabla yake zilipotea kwa takriban dakika 15 kila siku, lakini saa ya Huygens ilipunguza kosa hilo hadi kufikia sekunde kama 15, na maendeleo makubwa kiasi hicho kwa hatua moja ni nadra katika historia ya vipimo. Kwa watu wa kando ya Tanganyika wa wakati huo chombo kama hicho kisingekuwa na kazi ya haraka, kwa sababu karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na hesabu ya saa inayoanzia macheo, ambayo Kiswahili kinaitumia hadi leo, huweza kusomwa angani bila gurudumu lolote.

Jambo lililoifanya pendulamu kuwa zaidi ya sehemu ya saa lilitokea karibu na ikweta. Mwaka 1672 Chuo cha Sayansi cha Paris kilimtuma Jean Richer hadi Cayenne, katika Guiana, kwenye latitudo ya takriban nyuzi 5 kaskazini, ili aangalie sayari ya Mirihi. Alipofika huko aligundua kwamba saa yake, iliyokuwa imerekebishwa barabara Paris, ilichelewa kwa takriban dakika mbili na nusu kila siku, na kwamba ili ipige sekunde sawasawa ililazimu pendulamu yake ifupishwe kwa milimita karibu tatu. Wengi walidhani kwamba ni kosa la mpimaji au ni athari ya joto linalorefusha chuma. Joto kweli hurefusha chuma, lakini kwa ufito wa chuma cha pua ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi huchelewesha saa kwa sekunde kama 5 tu kwa siku, kiasi ambacho hakiwezi kueleza dakika mbili na nusu. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alikipokea kipimo cha Richer kama ushahidi kwamba uvutano ni hafifu zaidi kwenye ikweta, kwanza kwa sababu dunia inapozunguka huelekea kuvirusha nje vitu vilivyo juu yake, na pili kwa sababu dunia yenyewe imetuna katikati na kubonyea kwenye ncha, hata mtu aliye kwenye ikweta yuko mbali na kitovu chake kwa takriban kilomita 21 kuliko aliye kwenye ncha.

Makobola iko kwenye latitudo ya takriban nyuzi 3.5 kusini, karibu na ikweta kuliko hata Cayenne, tena uso wa ziwa uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na kila mita ya kupanda hupunguza uvutano kidogo zaidi. Ukikokotoa kwa hesabu ya leo, saa ya pendulamu iliyorekebishwa Paris na kuletwa Makobola bila kuguswa ingechelewa kwa zaidi ya dakika mbili kila siku. Pendulamu ya sekunde, yaani ile ambayo mwendo wake wa kwenda upande mmoja huchukua sekunde moja kamili, huhitaji Paris urefu wa sentimita 99.4, ilhali karibu na ikweta huhitaji sentimita 99.1.

Urefu huo wa sentimita 99 ulifika katika nchi za Tanganyika karne ya 19 kwa njia ambayo haikupangwa. Wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke, waliotoka pwani ya Zanzibar mwaka 1857 kwa njia ya misafara ya Waarabu na Waswahili, walibeba kronomita, ambazo ni saa za majira zilizoundwa kwa ustadi ili kumwezesha msafiri kujua longitudo, yaani umbali wake kwenda mashariki au magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa hiyo anayejua tofauti ya saa kati ya mahali alipo na mahali pengine panapojulikana, anajua pia umbali wa nyuzi baina yake na huko. Kronomita zao hazikuhimili safari, zikaharibika moja baada ya nyingine. Hapo wakarudia kanuni ya Galileo katika hali yake ya awali kabisa: walichukua risasi ya bunduki yenye uzito wa aunsi 4, ambazo ni gramu kama 113, wakaifunga kwa uzi wa inchi 39, wakautundika uzi huo kwenye tupa yenye makali matatu iliyokuwa egemeo lake, na tupa ikafungwa kwenye tawi la mti mahali pasipo na upepo. Inchi 39 ni sentimita 99.06, urefu unaokaribia mno kile ambacho uvutano wa ikweta unadai. Kwa kuhesabu mibembeo ya risasi hiyo waliweza kujua sekunde zilizopita kati ya kupima kimo cha nyota na kupima umbali wa mwezi kutoka nyota hiyo, na kutokana na mwendo wa mwezi wakakokotoa longitudo.

Msafara huo ulifika Ujiji mwezi Februari 1858. Mwezi Aprili Burton na Speke, wakiongozwa na Kannena aliyekuwa mkuu wa Ujiji, na wakiwa na Sidi Mubarak Bombay kama mfasiri na mshika mambo, walipanda mitumbwi kwenda kaskazini, wakavuka ziwa kupitia Ubwari, ambayo Burton aliiandika kuwa kisiwa kumbe ni rasi, kisha wakafuata ufuko wa magharibi, ufuko uleule wa Makobola, hadi Uvira walikofika tarehe 26 Aprili. Huko waliambiwa na wana wa mfalme wa mahali hapo kwamba mto Rusizi unaingia ziwani na wala hautoki. Habari hiyo ya wenyeji ilikuwa sahihi kabisa, kama wasafiri Livingstone na Stanley walivyothibitisha mwaka 1871 walipofika mdomoni mwa mto huo, wakati vyombo vya Burton na Speke havikuwa sahihi katika kila jambo, kwani kipimo chao cha kimo cha ziwa, kilichotegemea kiwango cha joto la maji yanayochemka, kilitoa futi 1,850, yaani mita 564, pungufu ya ukweli kwa zaidi ya mita 200. Ni haki kusema kwamba risasi iliyofungwa kwenye uzi iliwatumikia kwa uaminifu kuliko vyombo vingi vya bei kubwa walivyobeba.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa imeipa pendulamu kazi nyingine. Mwaka 1851 Léon Foucault alitundika kwenye kuba la Panthéon jijini Paris tufe la kilo 28 kwa waya wa mita 67, na watu wakashuhudia jinsi uelekeo wa mbembeo ulivyogeuka taratibu, kwa sababu sakafu iliyo chini yake ilikuwa ikizunguka pamoja na dunia. Paris uelekeo huo hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban saa 32, kwenye ncha ya dunia hukamilisha kwa siku moja, na kwenye ikweta yenyewe haugeuki hata kidogo. Makobola, kwa kuwa haiko kwenye mstari wenyewe wa ikweta, mbembeo kama huo ungegeuka kwa kiasi kisichofika nyuzi 1 kwa saa, na mzunguko mzima ungehitaji siku 16 na zaidi.

Kazi kubwa kuliko zote iliyofanywa na pendulamu katika Afrika ya Mashariki, hata hivyo, ilikuwa ya kupima uvutano ili kujua kilicho chini ya miamba. Kipimo cha uvutano huitwa gali, kwa heshima ya Galileo, na sehemu moja ya elfu ya gali, yaani miligali, ni karibu sehemu moja ya milioni ya uvutano wote. Ili kuitambua tofauti ya miligali moja kwa pendulamu, mpimaji lazima ajue mwendo wa saa yake bila kukosea zaidi ya sehemu 4 za mia za sekunde kwa siku nzima, tena aondoe katika hesabu athari ya joto, ya hewa inayozuia mbembeo, na ya kutikisika kwa nguzo inayoibeba pendulamu yenyewe. Katika miaka ya 1880 Robert von Sterneck, afisa wa jeshi la Austria, alitengeneza chombo chenye pendulamu fupi ya takriban sentimita 25 ambacho kingeweza kufungwa kwenye masanduku na kupelekwa mbali, na tangu hapo upimaji wa namna hiyo ukatoka katika vyumba vya vyuo na kufika milimani na maporini.

Mwaka 1899 na 1900 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha Göttingen kiligharimia safari ya pendulamu katika Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, chini ya mnajimu Ernst Kohlschütter na afisa Hans Glauning, ambao mwaka 1898 walikuwa wameshiriki kupima mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Kila kituo kilihitaji usiku wa kuangalia nyota ili kujua mwendo wa saa, kisha masaa ya kuhesabu mibembeo, na baada ya hapo masanduku yakabebwa mabegani mwa wapagazi hadi kituo kingine, kwa uangalifu ambao kipimo chote kiliutegemea, kwa sababu pendulamu ikigongwa na urefu wake kubadilika kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, matokeo ya miezi hupotea. Kitabu cha matokeo kilichotoka Berlin mwaka 1907 kina majina mawili ya wapimaji katika anwani yake. Wapagazi waliovibeba vyombo hivyo kwa usalama nao walistahili kuandikwa miongoni mwa waliopima uvutano wa nchi hizi.

Mwaka 1911 Kohlschütter alichapisha uchambuzi wake juu ya muundo wa ganda la dunia katika nchi hizo. Pendulamu ilikuwa imemwonyesha kwamba chini ya mabonde ya ufa uvutano ni pungufu, kana kwamba kuna kitu chepesi mahali ambapo mwamba mzito ulitarajiwa. Jambo hilo lilikuwa fumbo, kwa sababu nadharia ya mizania ya ganda la dunia, inayosema kwamba ganda huelea juu ya tabaka zito lililo chini yake, inataka sehemu nyepesi ipande juu na sehemu nzito izame, na Bonde la Ufa, ingawa ni jepesi, limezama.

Aliyelishika fumbo hilo kwa nguvu mpya alikuwa Edward Bullard wa Chuo Kikuu cha Cambridge, kijana wa miaka 26, aliyepima uvutano katika Afrika ya Mashariki mwaka 1933 na 1934. Yeye alikuwa na faida ambayo Kohlschütter hakuwa nayo: ishara za wakati zilikuwa zikirushwa kwa redio, na kwa hiyo pendulamu iliyoko Afrika iliweza kulinganishwa na wakati wa Ulaya bila kungoja mawingu yatoweke. Katika makala yake ya mwaka 1936 Bullard alithibitisha upungufu wa makumi ya miligali katika mabonde ya ufa, akahitimisha kwamba kama bonde jepesi halipandi juu, basi lazima liwe limekandamizwa na kingo zake, zinazosukumana kuelekeana na kulibana chini. E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alikuwa amekwisha kutoa wazo la aina hiyo kuhusu bonde la Ziwa Albert, na sasa lilionekana kupata ushahidi wa tarakimu.

Hitimisho hilo halikuwa sahihi, ingawa vipimo vilikuwa sahihi. Bonde la Ufa halibanwi, linavutwa: pande zake mbili zinaachana kwa milimita chache kila mwaka, kama vipimo vya setilaiti vinavyoonyesha siku hizi, na upungufu wa uvutano unatokana na matope na mchanga uliojaza bonde kwa unene wa kilomita kadhaa, na maji yenyewe ya ziwa, na mwamba wa moto na mwepesi ulio chini sana ya ganda. Bullard mwenyewe baadaye akawa miongoni mwa watetezi wakubwa wa nadharia ya kusogea kwa mabara, na mwaka 1965 yeye na wenzake walitumia kompyuta kuonyesha jinsi kingo za Afrika na Amerika ya Kusini zinavyolingana. Tarakimu zake za 1936 ziliendelea kutumiwa na wanajiolojia walioikataa tafsiri yake, na hiyo ni sifa kubwa kwa mpimaji yeyote.

Ushahidi ulioigeuza tafsiri hiyo ulitoka kwa sehemu katika ndugu wa karibu wa pendulamu. Mjerumani Ernst von Rebeur-Paschwitz alikuwa amegundua mwaka 1889 kwamba pendulamu iliyolala, yaani ufito wenye uzito uliofungwa kwenye mhimili ulioinama kidogo sana ili ubembee pembeni kama mlango kwenye bawaba zake, iliweza kuandika huko Potsdam mawimbi ya tetemeko lililotokea Japani. Kanuni yake ni kwamba ardhi inapotikisika ghafla uzito mkubwa hubaki nyuma kwa muda, na tofauti ya mwendo kati yake na ardhi huandikwa kwenye karatasi. Vyombo hivyo, vinavyoitwa seismografu, ndivyo vilivyoandika sehemu nyingi za dunia tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika.

Katika eneo la Kivu kazi hiyo ya kuandika matetemeko ilipata makao baada ya kuundwa kwa IRSAC, taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, mwaka 1947, yenye kituo kikuu huko Lwiro karibu na Bukavu na tawi la elimu ya viumbe vya majini huko Uvira. Katika miaka ya 1950 Jean-Claude De Bremaecker aliongoza huko uchunguzi wa matetemeko ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na mwezi Septemba 1960 eneo la Uvira lilipotikiswa na tetemeko lenye ukubwa uliozidi 6, vyombo vya Lwiro vilikuwa tayari vinaandika. Kutokana na kumbukumbu za miaka mingi ilidhihirika kwamba miamba ya bonde hili huvunjika kwa kuachana wala si kwa kubanana. Tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, ambalo kitovu chake kilikuwa chini ya Ziwa Tanganyika na ambalo liliua na kuangusha nyumba Kalemie, lilikuwa la aina hiyohiyo.

Kazi nyingine za pendulamu zimechukuliwa na vyombo vipya. Saa ya Shortt ya mwaka 1921, yenye pendulamu iliyofungiwa mahali pasipo na hewa, ilipunguza kosa hadi sekunde kama moja kwa mwaka, lakini saa za fuwele za kwatzi ziliipita muda si mrefu, na saa za atomu zikazipita hizo nazo. Upimaji wa uvutano tangu katikati ya karne ya 20 hufanywa kwa gravimita, chombo cha springi kinachotoa jibu kwa dakika mahali ambapo Kohlschütter alihitaji siku. Kituo cha Lwiro, ambacho sasa ni taasisi ya serikali ya Kongo, kimepita katika vita na umaskini wa vifaa, na kila mwaka ambao vyombo vyake vinanyamaza ni mwaka unaopotea katika kumbukumbu za bonde ambalo mamia ya maelfu ya watu wa Uvira na Fizi wanaishi juu yake.

Walimu wa fizikia wa Makobola na Baraka hawana haja ya kungoja maabara ili kuwaonyesha wanafunzi wao sehemu ya historia hii. Uzi wa sentimita 99, jiwe dogo lililofungwa barabara na tawi lililokingwa na upepo vinatosha: jiwe likibembea, mwanafunzi atahesabu mienendo 60 kwa dakika, na akirefusha uzi mara nne ataihesabu 30. Matokeo hayo yaandikwe daftarini pamoja na tarehe, mahali na urefu uliopimwa.